Wa Kwenye Swichi Hasemi

Kiloleli, Busega
11 Februari 2024

Kwako Baba,

Mwadila, kwa salamu yetu ya Kisukuma. Najua barua huanza kwa kuulizana hali, basi nakuuliza: u mzima? Shangazi Martha naye? Mimi nakula, nalala, na ule mkono niliojikata na bati umepona. Namba yako nimeipiga mpaka yule dada wa mtandao amenizoea. Mwanzoni ilikuwa inaita bila kupokelewa, sasa haiiti kabisa. Nimeona niandike. Barua hii nampa Sylvester, konda wa basi linalotoka Lamadi kuja Bariadi asubuhi. Amesema gereji yako anaijua.

Sikuandikii kuomba radhi, wala sikuandikii ili wewe uniombe. Mwaka na miezi saba imepita tangu tumzike mama, na kila mtu amebeba la kwake. Nakuandikia kwa sababu ya gari.

Siku hizi ni dereva wa zahanati ya kanisa hapa Kiloleli. Dereva na fundi, maana Sista Anna, mkuu wetu, akishajua unaweza kushika spana haoni tena sababu ya kumwita mtu mwingine. Gari ni moja, la petroli, kuukuu, na ndilo linalopeleka hospitali kubwa wagonjwa waliotuzidi. Wiki mbili sasa lina tabia mbaya. Starta inapiga vizuri, injini inazunguka, haiwaki. Ukiliacha nusu saa linawaka kana kwamba halikukutesa.

Juzi limegoma na mama mjamzito yumo ndani. Tulimhamishia kwenye gari la muuza samaki, akafika salama, akajifungua mtoto wa kike. Mimi nilibaki kwenye usukani mpaka Sista akaniletea chai.

Nadhani ni pampu ya mafuta. Lakini kudhani sitaki tena, baba. Nataka uhakika. Nifundishe upya tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajawahi kushika gari.

Ni mimi mwanao,
Nyanjige


Bariadi
19 Februari 2024

Mwanangu Nyanjige,

Mhola, tumeamka. Shangazi yako alianza kulia kabla bahasha haijafunguliwa, kwa kuuona mwandiko tu. Anauliza kama huko unakula ugali au unashindia chapati. Mimi niko, mgongo unauma wakati wa baridi, vingine vyote ni umri.

Sasa gari. Kwanza usiiamini geji. Geji ya gari kuukuu ni kama mlevi, itakuambia tanki limejaa huku linanuka ukavu. Mimina mafuta uyaone kwa macho yako.

Injini inataka vitu viwili iwake: moto na mafuta. Anza na moto. Chomoa plagi moja, iguse kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta, mtu apige starta. Ukiona cheche, moto upo, hapo ndipo ugeukie mafuta. Hili ni dogo na ni la dakika tano, ndiyo maana watu huliruka. Usiliruke. Mimi niliwahi kuliruka.

Moto ukiwepo, nenda kwenye pampu. Ina fyuzi yake na rilei yake, kile kiboksi kinachoipitishia umeme. Rilei ya honi kwa magari mengi inafanana nayo, zibadilishane uone. Kisha mtu afungue swichi bila kupiga starta. Wewe lala chini, weka kiganja tumboni mwa tanki. Kiganja chote, si ncha za vidole. Pampu nzima itatetemeka sekunde mbili, halafu itatulia. Usipohisi kitu, gonga tanki taratibu kwa mpini wa nyundo, urudie. Pampu inayoelekea kufa ukiigonga huamka kidogo. Ikiamka usifurahi, inakuaga.

Niandikie ulichokuta. Simu nimeiweka kabatini, haina faida kwangu.

Ni mimi baba yako,
Athanasi Bujiku


Kiloleli
1 Machi 2024

Kwako Baba,

Salamu zako zimefika, na mwambie shangazi nakula ugali mpaka nimenenepa. Sista Anna anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema anayefundisha kwa barua ana subira ya mtakatifu. Nikamwambia hajawahi kufanya kazi kwako.

Mafuta yapo. Cheche ipo, ya bluu. Fyuzi nzima. Rilei nimebadilishana na ya honi: honi inalia, gari haliwaki. Nikamkalisha Sista kwenye swichi, nikampa kanuni ya gereji yetu, kwamba wa kwenye swichi hasemi. Akacheka, akasema miaka yote ya utawa ameshindwa kunyamaza hata mezani. Nikamweleza ulivyonikaririsha nikiwa darasa la saba: wa kwenye swichi ni mkono tu, mdomo ni wa aliye chini. Akanyamaza. Nikalala chini nikaweka kiganja. Hakuna kitu. Nikagonga mara tatu, ikatetemeka, gari likawaka. Jana limegoma tena. Kwa hiyo inaaga kweli.

Sasa nina swali ambalo halihusu gari.

Hukunifundisha kiganja, baba. Ulinifundisha sikio. Ulikuwa unamwomba jirani azime redio, unawatawanya wapiga soga, unaweka sikio kwenye tanki na kufumba macho. Ulisema pampu huvuma, na fundi mwenye sikio hahitaji kompyuta. Nimeisoma barua yako mara nne. Neno "sikiliza" halimo.

Halafu Sylvester ananiambia alipokuletea barua alikuita mara mbili kwa nyuma, ukaendelea kukaza nati, mpaka alipozunguka mbele yako. Na simu iko kabatini.

Tangu lini, baba?

Mwanao,
Nyanjige


Bariadi
6 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumaini barua inakukuta na nguvu. Pasaka tumesali, pamba imefunga vitumba, shangazi yako mzima. Usidhani nilipuuza. Barua hii nimeiandika mara tano, na mara nne shangazi yako amewashia jiko.

Sikio la kushoto lilianza kuondoka mwaka 2019. La kulia likalifuata mwaka 2021. Daktari aliniuliza nimefanya kazi gani, nikamwambia kabla ya gereji nilikaa miaka kumi na moja kwenye mashine za kuchambua pamba kule Maswa. Akatikisa kichwa, basi, ndiyo ikawa dawa yenyewe. Sasa hivi ukinisemesha kwenye simu nasikia kitu kama upepo kwenye bati.

Aliyejua ni mama yako peke yake. Kanisani alikaa upande wangu wa kulia, ananibonyeza paja wakati wa kusimama na wakati wa kukaa. Mgeni akiniuliza jambo, Milembe ananigusa kiwiko nami namgeukia mgeni na kuusoma mdomo wake. Tuliishi hivyo, na hata wewe uliyekuwa unashinda na mimi gereji hukugundua. Wateja sikuwaambia. Nani atampelekea gari fundi kiziwi?

Siku ile hatujawahi kuizungumza. Acha niieleze nilivyoiona mimi.

Tulikuwa kwa wajomba zako, kule ndani ya Malampaka, kwenye mahari ya Shija, binti wa mjomba wako Maduhu. Saa nane mchana mama yako akabanwa na pumu. Moshi wa jikoni, vumbi la ng'ombe, na dawa yake ya kuvuta imemwishia njiani. Tukataka kumpeleka Maswa kwa pikapu ya Maduhu. Ikapiga starta, haikuwaka. Nikakuweka kwenye swichi, nikalala chini, nikaweka sikio kwenye tanki.

Kimya. Lakini kwangu kila kitu kilikuwa kimya, Nyanjige. Ng'ombe kimya, wajomba zako kimya, mama yako anavyohangaika na pumzi kimya. Ningejuaje kimya cha pampu ni kipi? Nikasema imekufa. Plagi sikuipima. Maduhu akasema mama yako apandishwe pikipiki katikati ya watu wawili. Nikasema hawezi kukaa, subirini dakika ishirini, nashusha tanki. Kulishusha kulichukua saa moja na nusu, na nilipoigusisha pampu kwenye betri ikanitetemekea mkononi, nzima kabisa. Kufikia hapo gari la kukodi lilikuwa limefika kutoka stesheni, likambeba. Milembe hakuifikia Maswa. Kesho yake wakakuta panya ametafuna waya unaopeleka moto kwenye plagi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Siku unaondoka uliniambia nimemuua mama kwa ubishi. Sikuyasikia maneno, nilikuona mdomo ukiyasema. Sikukujibu kwa sababu ni kweli, ila si ubishi tu.

Kuhusu gari: tafuta soketi ya nyaya za pampu juu ya tanki, weka taa ya kupimia. Swichi ikifunguliwa taa ikawaka, umeme unafika na pampu ndiyo yenye kosa. Isipowaka usiguse tanki, fuata waya.

Julai tunatimiza miaka miwili. Padri amekubali misa Jumamosi tarehe 20, na kaburi nataka kulijengea. Njoo.

Ni mimi baba yako


Kiloleli
21 Aprili 2024

Kwako Baba,

Nakusalimu, na salamu hii ni nzito kuliko zote nilizokutumia. Barua yako niliisomea kwenye gari, milango nimefunga, Sista akadhani nimepata msiba mpya.

Nimalize la gari kwanza. Taa iliwaka. Umeme unafika, pampu haizunguki. Nikaitoa, nikaigusisha kwenye betri huku nimeishika kwa mikono miwili, haikutetemeka hata kidogo. Safari hii imekufa kweli, na nimeijua imekufa kabla sijasema. Mpya imetoka Mwanza, nimeifunga mwenyewe, gari linawaka kwa mguso mmoja.

Sasa soma ukiwa umekaa.

Siku ile mimi niliisikia.

Nilifungua swichi, na nyuma yangu pampu ikavuma sekunde mbili ikanyamaza, kama kila pampu nzima uliyonisikilizisha tangu utoto. Ukasema ukiwa bado chini, "Imekufa." Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikafunga swichi nikaifungua tena bila kutumwa. Ikavuma tena. Hapo nilijua, baba. Na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, namwona kupitia kioo cha mbele, mabega yanapanda na kushuka, mikono kwenye magoti.

Sikusema. Wajomba wanne wamesimama pale, wewe ndiye mkwe, na mtoto hamkosoi baba mbele ya shemeji zake. Na kanuni ni kanuni, wa kwenye swichi hasemi. Nilijiambia baba hajawahi kukosea pampu, labda anasikia kitu kingine nisichokijua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mtu mzima, mwenye mdomo.

Nilikuambia umemuua mama kwa ubishi kwa sababu nilitaka kosa liwe moja na liwe lako. Nikakimbilia huku Kiloleli, mahali pa saa tatu tu kwa basi, nikajifanya nimekwenda mbali. Ulipoandika kwamba husikii, nilitamani kuichana barua. Ungekuwa mbishi tu ningeendelea kukuchukia, ingekuwa rahisi. Kumbe siku ile palikuwa na masikio mawili tu yanayofaa chini ya ile pikapu na juu yake, nayo yalikuwa yangu.

Sijui kama mtu kama mimi anafaa kusimama kwenye kaburi lile. Niambie wewe.

Mwanao,
Nyanjige


Kiloleli
2 Juni 2024

Baba,

Natumaini huumwi. Sylvester anasema barua alikupa mkononi, ukaikunja ukaiweka mfuko wa ovaroli. Wiki ya sita hii. Kila basi likisimama nashuka barabarani, anatikisa kichwa kutoka mlangoni, sasa hata kushuka ngazi hashuki.

Kama umekasirika, niandikie umekasirika. Nitukane hata kwa Kisukuma. Ukinyamaza hivi nami nitaujaza ukimya wako kwa maneno yangu mwenyewe, na najua nitaandika mabaya.

Wasalimie.

Nyanjige, mwanao bado


Bariadi
8 Julai 2024

Ng'wanawane, mwanangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, mimi baba yako nikusalimu wewe. Mwili mzima. Shangazi yako ameninunia wiki nzima, ananiwekea chakula na kuondoka, kwa sababu sijakujibu.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa woga. Barua yako inaniomba nikusamehe jambo ambalo mimi nalijua tangu siku ile ile.

Nilikuwa chini ya pikapu, nimelala ubavu, kichwa karibu na gurudumu la nyuma. Ukitazama juu kutoka pale, kioo cha pembeni kinaonyesha uso wa dereva. Niliposema imekufa nilikuwa nakitazama kioo. Nikakuona umefungua mdomo. Ukawatazama wajomba zako. Ukaufunga. Kisha nikaona bega lako likisogea, nikajua umefungua swichi mara ya pili, na uso wako ukabadilika.

Ninaishi kwa kusoma midomo, Nyanjige. Na mdomo uliofungwa nausoma. Nilijua umeisikia.

Ningeuliza neno moja tu: inavuma? Ungeitikia kwa kichwa, ningepima plagi, ule waya ningeuona ndani ya dakika kumi. Sikuuliza. Asubuhi yake Maduhu alikuwa ameniuliza nimebakiza ng'ombe wangapi, nikamjibu habari za mvua. Walicheka wote, akasema, "Shemeji, masikio umeyasahau stendi?" Mzaha wa shemeji, hauna ubaya, nami nilicheka nao. Lakini moyoni niliapa kwamba siku hiyo sitachekwa mara ya pili. Na siku zote wamenisema kwamba nimemfanya binti fundi. Sasa fundi wa miaka yote hiyo amuulize huyo binti, mbele yao, kama pampu inalia? Nikachukua spana nikarudi chini ya gari. Nilirudi huku najua.

Milembe hakuwa ubavuni kunigusa kiwiko. Alikuwa kwenye kigoda, anakufa, na mimi nalinda heshima yangu.

Nimekuacha ubebe mzigo huu miaka miwili. Kila nilipotaka kukuandikia nilijiambia, labda hakusikia, labda uso ule niliuona vibaya. Barua yako imenivua hilo nalo.

Kwa hiyo huna la kuombea msamaha. Kanuni ile niliitunga mimi. Mwanzo niliitunga ili nisikilize vizuri, na miaka ya mwisho niliishika kwa sababu ilinificha. Wewe ulitii tu ulichofundishwa na aliyekufundisha alikuwa anakutazama.

Misa ni Jumamosi tarehe 20, saa nne asubuhi. Sikulazimishi. Nafasi yako ipo.

Ni mimi baba yako,
Athanasi


Kiloleli
15 Septemba 2024

Kwako Baba,

Hali yangu si mbaya. Natumaini nawe unaendelea, na shangazi amekuacha ule kwa amani.

Sikuja kwenye misa, na nadhani ulijua sitakuja. Barua yako niliisoma mara moja tu. Nilikasirika, baba, sijui niseme vipi. Miaka miwili najiita muuaji kila nikifungua swichi ya gari hili asubuhi, na kumbe kuna mtu alikuwa anajua kwamba najua, yuko Bariadi, anakaza nati. Tarehe 20 nilijifanya nina safari. Sista Anna akaniuliza safari gani, nikafungua boneti, akaenda kanisani mwenyewe kumwombea mama.

Hasira ikapungua. Haikuisha, ilipungua kiasi cha kuweza kula. Nikaanza kukumbuka vitu vingine. Unavyonifuta grisi usoni kwa petroli mpaka nalia, na mama anakugombeza.

Basi nilikuja. Hukujua. Jumanne tarehe 27 Agosti Sista alinituma Bariadi kuchukua chanjo, nami nikaona ni ishara. Nikapita gereji nikiwa na gari lenyewe, nilitaka ulikague pampu, nilitaka uweke kiganja chako pale nilipofunga mimi.

Ulikuwa chini ya gari jeupe, miguu nje. Viatu vile vile vya siku ya maziko, umeviongezea soli. Mwenye gari yuko kwenye swichi. Niliinama kidogo nikauona mkono wako umelala kwenye tanki, macho umefumba.

Nikakuita. "Baba." Nikakuita tena. Mara ya tatu nilipaza sauti, mwenye gari akageuka kunitazama. Najua husikii. Umeniandikia kwa mkono wako, nami nimesoma. Lakini nilikuwa nimesimama pale nimemwita baba yangu mara tatu hakuitika, na mwili haukutaka kuelewa zaidi ya hapo. Nikarudi garini nikaondoka. Nimelia mpaka Lamadi, chanjo ziko kwenye boksi la barafu pembeni yangu.

Nimeona ujue kwamba nilifika.

Mwanao,
Nyanjige


Bariadi
29 Septemba 2024

Mwanangu Nyanjige,

Mhola, mwanangu, na wabeja kwa kuniandikia. Shangazi yako ameisoma barua yako baada yangu, sasa ameninunia upya, safari hii sijui kwa kosa gani.

Yule mwenye gari jeupe aliniambia siku ile ile. Nilipotoka chini akanionyesha kwa mkono, kisha akasema polepole nimsome: alikuwepo binti, amefunga kitambaa cha kijani, amekuita "baba", amekwenda na gari la zahanati. Nilitoka mpaka barabarani na grisi yangu. Barabara ilikuwa na vumbi na mbuzi wa jirani. Nikarudi nikamuuliza, lile gari lilichelewa kuwaka? Akasema hapana, liliwaka mara moja. Nikamwambia vizuri. Kisha nikamwomba anisubiri kidogo, nikaenda nyuma ya stoo.

Kaburi nimelijengea. Maduhu alikuja na ndugu zake, wakachanganya saruji wenyewe. Baada ya misa niliwaambia yote niliyokuandikia wewe, la masikio na la kioo. Hakuna aliyecheka. Maduhu alitoka nje akakaa chini, hakugusa chakula. Sasa hanisalimii, na simlaumu, alikuwa dada yake. Upande wa miguuni sijapiga lipu. Nimekuachia wewe. Vuli ikianza mvua itautafuna kidogo, si kitu.

Ukutani kwa gereji nimeandika kwa rangi nyekundu: FUNDI HASIKII. MGUSE. WA KWENYE SWICHI ASEME. Wateja wamepungua karibu nusu. Waliobaki wamejifunza kuniinulia kidole gumba pampu ikivuma, na mimi naweka kiganja hivyo hivyo, tunakubaliana kwanza ndipo nashika spana. Kila wakiinua kile kidole nakumbuka ingekuwa rahisi kiasi gani.

Sikuombi uje. Nimekwisha kukuomba mara mbili, na wewe umekuja mara moja, mimi ndiye sikuwepo. Ila chanjo hazikomi, na Sista atakutuma tena Bariadi. Ukifika usiniite. Nikiwa chini ya gari miguu hubaki nje. Niguse mguu, nitatoka.

Ni mimi baba yako